Pemba, krimu za kung'arisha, zebaki na sufuria nzito: kipi mjamzito aache, na kwa nini

Hukumu tuitoe mapema. Kati ya bidhaa nne tunazozipitia hapa, pemba, yaani udongo mkavu wa kula, ndiyo ya kuachwa kwanza, hata kama mimba ni ya wiki chache tu. Zinafuata krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zisizo na maelezo kamili. Zebaki ya kukamatia dhahabu haina nafasi kabisa ndani ya nyumba anamolala mjamzito. Sufuria nzito za mafundi wa mtaani zinaweza kubaki jikoni, lakini kwa masharti. Tumezipima zote kwa swali moja: madini mazito yaliyomo yanafikaje kwa mtoto aliye tumboni, na kwa wingi gani?

Wengi huamini kondo la nyuma ni chujio linalozuia kila kibaya. Kwa madini haya, chujio hilo lina matundu makubwa. Risasi (lead) hupita karibu bila kizuizi kuanzia wiki ya 12 hadi ya 14, na mtoto anapozaliwa damu ya kitovu huwa na risasi kiasi cha asilimia 80 hadi 90 ya iliyomo kwenye damu ya mama. Zebaki ya aina inayopatikana ndani ya samaki, yaani methili-zebaki, hujishika kwenye kijenzi cha protini na kubebwa pamoja na chakula cha mtoto. Kwa hiyo damu ya kitovu huizidi ya mama, kwa wastani mara 1.7. Aseniki nayo hupita kwa urahisi. Kadimi peke yake ndiyo hukwama kwa sehemu kubwa kwenye kondo, lakini kule inakokwama huzuia zinki kumfikia mtoto na kuharibu kazi ya kondo lenyewe, ndiyo maana huhusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Chanzo chake kikubwa kwa mvutaji ni moshi wa sigara; kwa asiyevuta ni chakula.

Sasa tuanze na pemba, maana hapo ndipo penye mengi.

Pemba ni vile vijiti na vipande vya udongo mkavu, vyeupe, vya kijivu au vyekundu, vinavyopangwa kwenye meza karibu na viungo na dawa za asili, kuanzia Mwanjelwa na Uyole jijini Mbeya hadi Makambako na Soko Kuu la Iringa. Wengine hawanunui, huvunja kichuguu au hubandua ukuta. (Ukuta uliowahi kupakwa rangi ya mafuta zamani ni hatari ya pekee, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi makusudi ili zing'ae na kukauka haraka.) Kama bidhaa, kasoro yake ya kwanza ni kwamba haina asili inayojulikana. Hakuna lebo, hakuna jina la shimo ulikochimbwa udongo, hakuna aliyeupima. Muuzaji naye hajui, na si kosa lake. Vijiti viwili vya meza moja vinaweza kuwa vimetoka mashimo mawili yenye madini tofauti kabisa, kwa hiyo hata ukipima kimoja hujapima kingine.

Tufanye hesabu. Udongo wa kawaida, usiochafuliwa na kiwanda wala mgodi, huwa na risasi ya miligramu 10 hadi 40 hivi kwa kila kilo. Tuchukue 20. Mama anayekula gramu 30 kwa siku, kiasi ambacho si kikubwa kwa aliyezoea, anameza mikrogramu 600 za risasi. Si zote zinazoyeyuka kwenye tindikali ya tumbo. Tuseme ni robo tu, bado ni mikrogramu 150. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeweka mikrogramu 8.8 kwa siku, kutoka vyakula vyote, kuwa kiwango cha kulinganishia kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Kwa hesabu hii ya huruma, udongo safi peke yake unakizidi mara 17. Kuhusu kiwango salama, hakipo: kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilikifuta kile cha zamani cha risasi mwaka 2010 baada ya kuona kwamba hakimlindi mtu.

Muuzaji atakwambia pemba yake imechomwa, kwa hiyo ni safi. Moto unaua mayai ya minyoo, na hilo ni jema. Risasi na aseniki hazifi kwa moto wa jiko wala haziondoki kwa kuoshwa, kuanikwa juani au kutiwa chumvi. Rangi na harufu pia hazisemi chochote. Udongo mweupe laini unaonukia mvua unaweza kuwa na madini mengi kuliko mwekundu wenye mchanga, au kinyume chake, na ulimi hauwezi kutambua.

Kuna mzunguko mbaya zaidi ambao kila mhudumu wa kliniki angepaswa kuueleza taratibu kwa mama anayekula udongo. Hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu. Udongo ukifika tumboni hunasa madini ya chuma ya kwenye chakula na kuyatoa nje pamoja na choo. Damu inazidi kupungua. Mwili unapokosa chuma, utumbo huongeza vibebeo vinavyokifyonza, na vibebeo hivyo hivyo havibagui: huchukua risasi na kadimi pia. Kwa hiyo mama mwenye damu kidogo anayekula pemba hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi kuliko mwenye damu ya kutosha anayekula kijiti kile kile. Kumgombeza hakusaidii. Hamu ile ni ya kweli, na itapungua tu damu ikipanda.

Utafiti uliofanywa kwa wajawazito wa maeneo ya uchimbaji dhahabu Geita na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu yao wakila udongo, wengi wakiwa wameanza katika miezi 3 ya kwanza. Kwa wasomaji wa Chunya, Makongolosi na Itumbi jambo hilo lina uzito wake, maana udongo wa karibu na mialo (mahali pa kuchenjulia dhahabu) na makarasha (mashine za kusaga mwamba) hubeba zebaki ya kuchenjulia na madini mengine yaliyosagwa pamoja na mwamba. Pemba inayochimbwa kando ya marudio ya mgodi, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjua, ni mbaya kuliko zote.

Namna ya kuiacha. Kwanza pima wingi wa damu. Chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, na kliniki itakuongezea dozi. Meza FEFO (kidonge cha chuma na foliki) kila siku kama ulivyoelekezwa, ile yenye miligramu 60 za chuma, na usiimeze na chai. Chai yetu ya Tukuyu na Mufindi ni nzuri, lakini ikinywewa pamoja na chakula au kidonge huzuia chuma kuingia mwilini; subiri saa 1 au 2 kabla ya kuinywa. Maharage yaliwe na kitu kichachu: chungwa, pera, limao lililokamuliwa juu ya mboga. Kwa mdomo unaotaka kitu kikavu cha kutafuna, bisi na karanga za kukaanga hufanya kazi kwa wengi, na ubuyu mweupe wa unga, usiotiwa rangi, una ule ukavu wa kunata ulimini ambao mla pemba anautafuta, tena una vitamini C inayosaidia chuma. Ule mwekundu wa kwenye vifuko hatuupendekezi, kwa sababu hujui ni rangi gani imetiwa. Dawa ya minyoo nayo ipo kliniki. Itolewe baada ya miezi 3 ya kwanza, na umkumbushe nesi ikiwa umekula udongo. Mama mkwe au shangazi akikuletea pemba kwa upendo, ipokee kwa heshima, mshukuru, kisha mweleze alichosema nesi. Wazee wengi wakielezwa habari ya damu wanaelewa haraka kuliko wakielezwa habari ya sumu.

Aliyekula pemba miaka mingi kabla ya mimba hii naye ana la kujua. Risasi ikiingia mwilini hukaa kwenye damu kwa mwezi mmoja hivi, kisha sehemu kubwa hujificha kwenye mifupa, na huko hukaa miongo. Mwili huichukulia kuwa ni kalsiamu. Mimba ikifika miezi ya mwisho, mifupa ya mtoto inadai kalsiamu nyingi, mifupa ya mama inaitoa, na risasi ya zamani inatoka nayo. Ndiyo maana kiwango cha risasi kwenye damu ya mjamzito hushuka katikati ya mimba, halafu hupanda tena kuelekea kujifungua. Dawa ya nyumbani ya hili ni kalsiamu ya kutosha kwenye chakula. Jaribio lililofanyika Mexico lilionyesha kwamba miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku zilipunguza risasi ya damu ya wajawazito kwa wastani wa asilimia 11 hivi, na zaidi kwa waliokuwa nayo nyingi. Nyanda za juu tumebarikiwa hapa. Nusu lita ya maziwa ya Rungwe au Njombe hutoa kama miligramu 600. Ongeza dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, na mboga kama figiri. Mchicha una kalsiamu lakini mwili hupata kidogo kutoka kwake. Ukipewa vidonge vya kalsiamu, vitenganishe na FEFO kwa saa kadhaa, maana vikikutana tumboni kimoja humzuia mwenzake.

Krimu na sabuni za kung'arisha. Zile zenye zebaki hufanya kazi upesi kwa sababu zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na kasi hiyo ndiyo inayoziuza. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulizuia vipodozi vya namna hii vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo baada ya mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni hizo huwa na chumvi ya zebaki kiasi cha asilimia 1 hadi 3, na krimu asilimia 1 hadi 10. Linganisha: asilimia 1 ni gramu 10 za chumvi hiyo kwa kilo, na hata zebaki iliyomo ikiwa sehemu tu ya chumvi, bado ni maelfu ya mara ya miligramu ile 1.

Unaitambuaje dukani? Geuza kopo usome nyuma. Kama hakuna orodha ya viungo, lirudishe. Kama kuna herufi Hg, au neno lolote linaloanza na "mercur", au "calomel", lirudishe. Kuna dalili nyingine ambayo wachache wanaijua: onyo kwamba bidhaa isiguse dhahabu, fedha, alumini wala vito. Zebaki hushikana na metali hizo, na mtengenezaji asiyetaka kuitaja hujikinga kwa onyo hilo. Krimu ya kijivu, au inayogeuka kijivu ikikaa wazi juani, ni ya kutiliwa shaka. Mkorogo unaochanganywa na kuwekwa kwenye kopo lisilo na jina hauna cha kusoma, na kwa mjamzito hilo linatosha kuukataa. Usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu mwaka 2019, na ofisi yao ya kanda iko Mbeya. Kopo la mashaka lipelekwe huko.

Zebaki ya krimu haipiti kwenye kondo kwa urahisi kama ya samaki. Hujikusanya kwenye kondo na kwenye figo za mama, na sehemu yake ndiyo humfikia mtoto. Figo zikiumia, protini huonekana kwenye mkojo, miguu na uso huvimba, na wakati mwingine presha hupanda. Dalili hizo hizo ndizo za kifafa cha mimba. Kwa hiyo mama anayetumia krimu ya namna hii, nesi akikuta protini kwenye mkojo wake, amtajie krimu hiyo bila aibu. Matibabu ya kifafa cha mimba yasicheleweshwe kwa sababu hiyo, lakini daktari asiyejua habari ya krimu atatafuta chanzo mahali pengine. Ukiacha kupaka, zebaki ya kwenye mkojo hupungua kwa nusu katika muda wa miezi 2 hivi. Taulo, foronya na khanga zilizoguswa zifuliwe peke yake, na kopo lisichomwe moto wala kutupwa chooni. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, weka ndani ya chombo chenye mfuniko, mbali na watoto.

Zebaki ya dhahabu tutaipitia kwa ufupi, si kwa udogo wa hatari bali kwa sababu ushauri wake ni mmoja. Mchimbaji wa Lupa anachanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, anapata donge, kisha analichoma ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke ule hauna harufu wala rangi. Ukivutwa, kiasi cha asilimia 80 huingia kwenye damu kupitia mapafu, na huvuka kondo bila kizuizi. Ukishafika kwa mtoto hubadilika kuwa umbo lisiloweza kurudi kwa urahisi, ukanaswa humo humo. Kuchomea donge kwenye jiko la mkaa la nyumbani, hata mara moja, hata mlango ukiwa wazi, ni kumvutisha mjamzito na mtoto wake. Baba achomee kwa ritoti (chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke), mbali na makazi, na nguo za mwaloni zibaki mwaloni. Kichupa cha zebaki kisiingie ndani kwa sababu yoyote ile. Mafundi wa betri za gari wafuate utaratibu huo huo kuhusu vumbi la risasi: oga na badili nguo kabla ya kumkumbatia mkeo na watoto.

Kuhusu samaki, wajawazito wasiogope. Methili-zebaki huongezeka kadiri samaki anavyokula samaki wengine na kuishi miaka mingi, kwa hiyo mkubwa mla wenzake ndiye wa kula kwa kiasi. Dagaa wa Nyasa na Tanganyika wako chini kabisa kwenye ngazi hiyo, wana protini, chuma na kalsiamu. Kwetu hao ndio chaguo la kwanza.

Mwisho ni jikoni. Sufuria nzito za mafundi humiminwa kwa alumini chakavu: injini, rimu, makopo, vipande vya mashine. Chakavu kikichanganywa, risasi na kadimi huingia bila fundi kujua. Watafiti waliopima vyombo vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo, na kuchapisha mwaka 2017, walichemsha siki hafifu ndani yake kwa saa 2, na zaidi ya theluthi moja ya vyombo viliachia risasi ya kupimika. Neno la kukumbuka ni uchachu. Nyanya, limao, ukwaju, uji uliochachuka na togwa huyeyusha metali. Maji ya kuchemshia mahindi huyeyusha kidogo sana. Sheria yetu kwa nyumba yenye mjamzito: sufuria nzito ipike ugali, ichemshe maji ya kuoga, isipike rosti ya nyanya wala isilaze uji mchachu usiku kucha. Usiikwangue kwa steelwire mpaka ing'ae, kwa sababu ule utando mweusi wa ndani hupunguza kinachotoka. Mchuzi mchachu upikwe kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu.

Vyungu vya Kisi, vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuuzwa Matema kando ya Ziwa Nyasa, tunavikubali kwa maharage. Hatari kubwa ya vyombo vya udongo ni ile ng'aro ya kioo inayotengenezwa kwa risasi, na vyungu hivi havipakwi hiyo. Chungu chochote chenye uso unaong'aa kama kioo na kisichotaja kilikotoka, kiache kiwe cha maua.

Kwa anayetaka kipimo: risasi hupimwa kwenye damu ya mshipa, zebaki ya krimu au ya mvuke kwenye mkojo, na methili-zebaki kwenye damu au nywele. Hakuna kati ya hivyo kilicho kwenye vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito, kwa hiyo mama aombe, na aeleze kwa nini: nimekula pemba miezi kadhaa, natumia krimu fulani, mume wangu anachoma dhahabu. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Daktari awasiliane nao kabla, aulize aina ya chupa ya kuwekea sampuli na ada, maana chupa isiyofaa huongeza metali yake kwenye jibu. Damu ya kidole inaweza kudanganya ikiwa kidole kina vumbi. Osha mikono kwa sabuni, suuza, kisha itolewe, na jibu la juu lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe kwa mjamzito mwenye risasi ya mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita. Baada ya kuacha chanzo, pima tena wiki 4 hadi 6 zikipita. Kama haijashuka, ama chanzo bado kipo ndani ya nyumba, ama mifupa inarudisha ya zamani. Anza kwa kukagua tena vyombo, krimu na nguo za kazini. Na mtoto akishazaliwa anyonyeshwe, kwa sababu risasi inayopita kwenye maziwa ya mama ni sehemu ndogo sana ya ile iliyo kwenye damu yake.